Lango la Wapenda Ndege

Mama hakuipenda simu yangu, ila kuna kazi moja ya simu hiyo aliyoiheshimu: kumpelekea mdogo wangu maneno yake. Kila asubuhi, kabla sijaondoka kwenda ofisini Westlands, ilinibidi niketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake pale mtaani kwetu Woodley, Nairobi, nifungue mtandao wetu, niandike anachosema. Hakuwa na mengi. Mwambie mgomba wa nyuma umetoa mkungu. Mwambie nimemaliza uji wote. Mwambie jirani wa mbwa amehama, tumepumua. Akishasema moja ananyamaza, na hasemi la pili mpaka la kwanza liitikwe. Nikimwambia aseme yote nitume mara moja kwa sababu nachelewa, ananitazama kama niliyemvunjia heshima mbele ya wageni.

"Kwani mimi ni redio?" aliniuliza siku moja. "Mtu anasema, mwenzake anaitika. Ndio unasema ingine."

Basi nikawa mtu wa kuchelewa kazini, na bosi wangu akaacha kuuliza.

Mdogo wangu alikuwa anaitika. Yuko nchi ya baridi, mahali ambapo miezi mingine jua huchomoza kwa shingo upande. Kazi yake ilikuwa kupanga mizigo kwenye ghala, na akipumzika alipiga picha ndege. Ndege alianza kuwapenda hapa hapa Woodley, akiwa mtoto wa kaptura, akijificha nyuma ya ua wa miiba wa kayaba kuwachungulia kwarara, wale ndege wa midomo mirefu wanaoamsha mtaa mzima alfajiri kwa makelele. Jibu lake kwa Mama lilikuwa siku zote la namna moja: maneno mawili matatu, na ndege. Mama aliishika simu kwa mikono yote miwili, akamkagua huyo ndege, akasema, "Huyu amekonda," au, "Huyu anafanana na baba yenu akikasirika." Halafu ndipo anatoa neno la pili.

Inabidi nieleze kwa nini mtu mzima, mwenye mama na dada, alikuwa anapatikana kwa mlango mmoja tu. Baba alipofariki, mdogo wangu hakuja kumzika. Karatasi zake za huko zilikuwa hazijakamilika. Angetoka, asingeruhusiwa kuingia tena, na ni yeye aliyekuwa anatununulia dawa za Mama. Mimi na Mama tulielewa. Baba zetu wadogo hawakuelewa, au walielewa wakaona kuna raha zaidi katika kutoelewa. Kwetu magharibi mwa Kenya, mtoto wa kiume asipotupa udongo kwenye kaburi la baba yake, watu humsema mpaka wachoke, na hawa wangu hawachoki. Walimrarua katika grupu la familia bila kuvuta pumzi. Mmoja alimwandikia kwamba kwa kuwa hakumzika baba, asitegemee kwamba kuna mtu wa ukoo atakayemzika yeye. Siku hiyo mdogo wangu alitoka kwenye grupu, akabadilisha namba, akafunga kurasa zake zote. Kwa muda mrefu hatukujua kama yu hai.

Kisha akanipata kwenye seva ya mtaa wetu.

Seva hiyo ni ya jirani yetu, mwanamume wa sauti ya besi katika kwaya ya kanisa, ambaye mchana hutengeneza printa kwenye ghorofa moja ya Luthuli Avenue. Alikuwa amechoshwa na mitandao mikubwa ya matangazo na matusi, akatuundia wa kwetu, mdogo, wa watu wa Woodley na jamaa zao. Siku ya kwanza alitueleza nje ya kanisa, akichora hewani kwa vidole. Mtandao wa namna hii, alisema, hauna mwenyewe mmoja. Kila seva ni kama mtaa, una lango lake na askari wake wa lango. Mtu wa mtaa huu anaweza kumfuata na kumwandikia mtu wa mtaa ule, hata awe ng'ambo, mradi malango yote mawili yako wazi. Tulipiga makofi. Hakuna aliyeuliza inakuwaje lango moja likifungwa. Tunaishi Nairobi, mji ambao watu huamka asubuhi wakaifungia barabara ya umma kwa geti la chuma na kuajiri mlinzi, na bado hatukuuliza.

Mdogo wangu alikuwa kwenye seva ya wapenda ndege wa huko aliko. Aliniandikia kwa faragha, akatoa masharti: familia isijue, na nisimwombe namba ya simu. "Hii inatosha, Siz," aliandika. "Namba nikikupa itafika kwa anko kabla ya jioni." Sikubishana. Niliyasoma maneno yake nikiwa nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika yote, nami sikusogea. Nilipomwonyesha Mama alisema tu, "Mwambie nimemwona."

Baada ya muda akatuletea na marafiki. Wale wapenda ndege walipojua kwamba huku kwetu ndege wakubwa kama watoto wa shule hutembea barabarani, walianza kuwafuata watu wa seva yetu, mmoja mmoja, wakiomba picha. Kwaya nzima ikageuka wapiga picha. Mama mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye kabla ya hapo angewafukuza korongo kwa ufagio, sasa alikuwa anawasubiri kando ya jaa la taka la Kenyatta Market simu ikiwa tayari. Kila Jumatatu aliwaamkia wale wageni, akawauliza habari za nyumbani. Wakamjibu kwa lugha yao, mashine ikamtafsiria, akacheka siku nzima. Tuliwahesabu kuwa ni watu wetu.

Halafu mwalimu wa kwaya akafariki.

Kwetu kifo hakibandikwi ukutani kikaachwa hapo. Kila mtu huambiwa, tena kwa jina lake. Ukimruka mmoja, atakununia mpaka siku yake naye. Kwa hiyo mwenye seva alitukusanya uani kwake, kila mtu na simu yake, akasema asiachwe mtu. Tangazo lilikuwa moja, lenye picha ya marehemu katika suti ya kwaya, na chini yake: ukipata ujumbe huu, mjulishe na mwenzako. Tukawataja watu wetu mmoja mmoja, maana humo ukimtaja mtu kwa jina, tangazo linamfikia yeye mwenyewe. Tukawataja na wapenda ndege, wote, hakuna aliyebaki.

"Na hawa wazungu wa ndege?" mtu mmoja alikuwa ameuliza. "Si tutawasumbua?"

"Wamekula na sisi furaha, tutawaficha matanga?" mwenye seva alimjibu. "Hiyo ni madharau."

Tuliandika na kutuma mchana kutwa. Chai ililetwa, ikapoa. Niliwapenda watu wangu siku ile, na hata leo sioni walichokosa.

Upande wa pili, wasimamizi wa seva ya ndege waliona kitu kingine. Waliona seva ndogo wasiyoijua, ikiwarushia watu wao ujumbe uleule, picha ileile, kwa lugha wasiyoisoma, tena na tena, na ujumbe wenyewe ukiwahimiza waueneze. Kwao hizo ndizo dalili za matapeli. Wakafunga lango, si kwa mtu mmoja bali kwa Woodley nzima. Hayo niliyajua baadaye, wakati kuyajua hakukuwa na faida tena. Siku yenyewe hatukusikia hata mlio wa kitasa, kwa sababu lango la namna hii likifungwa, aliyebaki nje haambiwi. Anaendelea kuandika. Simu inamwonyesha kwamba ujumbe umetoka, na ni kweli umetoka, ila hakuna unakoingia.

Tulipomzika mwalimu, Mama alisema, "Mwambie tumempeleka vizuri, watu walijaa." Nikaandika, nikatuma. Asubuhi iliyofuata aliniuliza kama ameitika. Bado. Akanyamaza. Asubuhi nyingine, bado. Kwa kuwa neno la kwanza halikuitikwa, Mama hakuwa na la pili. Nilikuwa naketi kwenye kile kiti cha plastiki, simu mkononi, naye amelala akitazama dari.

"Angalia tena."

"Nimeangalia, Mama."

"Angalia mzuri."

Nilikuwa naangalia vizuri. Nikaanza na kuchungulia ukurasa wake, ule ulio wazi kwa kila mtu, ambao unaweza kuufungua hata kama hamwandikiani. Na huko ndiko nilikoumia, kwa sababu alikuwepo. Aliweka ndege mdogo mwenye kifua chekundu, ametua kwenye mpini wa sepetu. Kesho yake akaweka bundi. Mzima kabisa, ana muda, ana bundi, na mama yake anangoja neno moja. Nilishikwa na hasira. Nilimwandikia maneno ya dada mkubwa, ambayo siyarudii hapa. Kisha nikamwandikia ya kumbembeleza. Hakujibu ya hasira wala ya kubembeleza.

Nilimwendea mwenye seva. Alitazama mashine yake kwa makini, maana si mtu wa kufanya mambo juu juu.

"Kwangu kila kitu iko sawa," alisema. "Hizi zote zimetoka. Labda ako busy tu, sista. Huko watu hufanya kazi kama punda."

Nilimtafuta mtu aliyesoma na mdogo wangu zamani, ambaye hakuwa na habari. Nikamwandikia mdogo wangu kwenye anwani yake ya zamani ya barua pepe, barua ikarudishwa. Mlango ulikuwa ule mmoja.

Moyo wa Mama ulikuwa umechoka tangu zamani, na sasa ukaanza kukata tamaa. Tulilazwa. Nasema tulilazwa kwa sababu mimi nami nilihamia pale wodini, nikienda kazini na kurudi. Alasiri moja, mvua ikigonga mabati ya kibanda cha walinzi chini ya dirisha, Mama aliniita. Huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama, mwandikie."

"Hajaitika lile la kwanza."

"Najua. Mwandikie tu."

Hapo nilijua anakufa. Hakuna daktari aliyekuwa amenieleza waziwazi kama Mama alivyonieleza kwa kuvunja sheria yake mwenyewe.

"Mwulize, Mama akienda, utakuja kumzika? Akisema anakuja, muniweke mochari mpaka afike. Hata kama ni lini, nitangoja. Akisema hawezi, nimeelewa, hiyo si neno. Lakini musinilaze kwa baridi bure. Munipeleke nyumbani Jumamosi ya kwanza."

Niliandika yote, machozi yakilowesha kioo mpaka vidole vikateleza. Nikamuuliza, "Na akinyamaza?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtoto yangu? Hawezi ninyamazia."

Nikatuma. Baada ya hapo alikuwa na neno moja tu zaidi, akalitoa usiku huohuo kabla taa za wodi hazijazimwa. "Mwambie sijakasirika." Nilipochukua simu alinishika mkono. "Si saa hii. Ngoja kwanza ajibu lile. Ndio umwambie hili." Niliiweka simu chini. Siku zilizobaki swali lake lilikuwa moja, nami nilikuwa nalijibu kwa kutikisa kichwa, naye alikuwa na sababu kila mara. Labda ako kazini. Labda simu imeisha chaji. Labda huko kumenyesha theluji. Alifariki mchana, nikimmiminia mgonjwa mwingine chai kwenye korido kwa sababu niliona yeye amelala.

Nilipoandika tangazo la kifo chake, niliandika kama tulivyofunzwa. Kila mtu kwa jina lake. Wa kwanza kumtaja alikuwa mdogo wangu, juu kabisa, mbele ya makasisi na mbele ya baba wadogo. Nilisema moyoni, hata awe jiwe, hili litamfikia. Niliweka picha ya Mama akiwa na kitambaa cha akina mama wa kanisa, anacheka akiwa amefumba jicho moja kwa ajili ya jua.

Kikao cha mazishi kilikaliwa Kenyatta Market, kwenye meza ndefu ya nyama choma, kwa sababu baba zangu wadogo hawawezi kupanga huzuni tumbo likiwa tupu. Niliwaeleza aliyoagiza Mama. Ilibidi niseme pia nilikuwa nazungumza na nani kwa siri muda wote huo. Kisu kikasimama ubaoni. Kisha baba mdogo, yule mkubwa wao, akapangusa vidole.

"Amesema anakuja?"

"Bado hajajibu, Baba."

"Amesema hawezi?"

"Hajajibu."

"Ni mgonjwa? Amefungwa?"

Ningependa kusema sikujua. Mtoto wa binamu alikuwa ameshaufungua ule ukurasa, simu ikapita mezani kutoka mkono hadi mkono, juu ya ugali na kachumbari, ikiacha mafuta ya vidole kwenye kioo. Asubuhi hiyohiyo mdogo wangu alikuwa ameweka picha ya bata wawili ziwani.

"Ako sawa," baba mdogo alisema, kwa upole ulionichoma kuliko matusi. "Ako na bata. Msichana yangu, mama yako alisema nini juu ya mtu akinyamaza?"

"Alisema hawezi kunyamaza."

"Na amenyamaza. Tunazika Jumamosi."

Nilipiga meza. Nilisema tungoje wiki moja, wiki moja tu, nikalia mbele ya wachoma nyama na wateja wao, na wasusi wa nywele wa upande wa pili wakatoka kuangalia ni nini. Lakini sikuwa na jibu la kuweka mezani. Walikuwa na bata, mimi nilikuwa na imani ya Mama, na mezani bata walionekana kwa macho. Tulimpeleka nyumbani magharibi Jumamosi ya kwanza. Kaburini nilitupa udongo wangu, kisha nikainama nikatupa tena, wa pili. Watu waliona, wakaguna. Sikujali.

Zilipita wiki nyingi. Mchana mmoja nilikuwa ofisini Westlands, nikishuka ngazi kwenda kununua chakula, simu ikalia kwa namba ya nje. Nilisikia mtu anapumua.

"Kwa nini hamkunisubiri?"

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Niliketi hapohapo kwenye ngazi.

"Unaniuliza mimi?" nilimwambia. "Hukujibu! Mama amekufa akikungoja, hukujibu!"

"Nilijibu! Nyinyi ndio mlininyamazia. Siz, niliandika kila siku."

"Uongo."

"Ngoja nikusomee," alisema. "Ngoja tu."

Akanisomea. Alikuwa ameniandikia mambo ya kawaida, kwamba amepata mafua, kwamba mbona kimya. Halafu akafika kwenye ujumbe ambao aliusoma polepole kama mtoto anayejifunza. Siz, karatasi zimetoka. Mwambie Mama anisubiri. Nakuja Disemba. Baada ya huo kulikuwa na mwingine: umemwambia? Na mwingine: amesema nini? Alinitajia wakati alioutuma ule wa kwanza. Ni alasiri ileile ambayo mvua ilikuwa inagonga mabati chini ya dirisha la wodi.

Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, ila mwili ulikataa kuelewa. Yeye ndiye aliyejua kilichotokea, na alikuwa amekijua kwa bahati tu. Wale wapenda ndege waligombana wao kwa wao, kama ni sawa kuwapiga picha makinda wakiwa kiotani, yeye akachoka na kelele zao akahamia seva nyingine. Huko lango lilikuwa wazi. Alipotafuta jina langu, aniulize amekosa nini, alikutana na Mama amefumba jicho moja, na juu ya Mama, jina lake mwenyewe, la kwanza kabisa. Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Akauliza huko alikotoka, wakamwambia kwamba seva yetu ilifungiwa zamani, kwa kusambaza takataka, na lango likifungwa hakiingii kitu wala hakitoki.

"Nilidhani mmekubaliana na anko nisirudi," alisema. "Namba yako naijua kwa kichwa, Siz. Kila nikiishika simu naskia sauti ya anko. Nikaogopa na wewe utaniambia hivyo hivyo. Ndio nikawa naweka ndege hapo nje, penye kila mtu anaona. Nikasema hata kama hawaniongeleshi, Mama akiona ndege atajua niko."

Sikumwambia bata wake walifika wapi. Nililia kwa sauti, mpaka mlinzi wa jengo akapanda ngazi akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia sijambo, maana unamwambia nini mlinzi.

Nilikwenda mjini siku ileile. Mwenye seva alikuwa amefungua printa ya mtu, mikono imejaa wino. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuipangusa. Aliwaandikia wasimamizi wa seva ya ndege, akawaeleza yule alikuwa mwalimu wetu wa kwaya na kwa nini tuliwataja wote. Walijibu upesi, kwa adabu. Walisema pole nyingi, wakafungua lango. Ila walieleza kwamba yaliyotumwa lango likiwa limefungwa hayatafika. Mgeni akigonga geti lililofungwa, mlinzi hamwekei mzigo wake pembeni. Unatupwa.

"Mimi ndio nilisema asiachwe mtu," alisema yule mwanamume wa besi, na sauti ikatoka nyembamba. Aliufunika uso kwa viganja, wino ukabaki kwenye mashavu yake.

Nilimwambia hakukosa, na nilimaanisha. Tangu hapo nimemtafuta wa kumkasirikia, kwa sababu hasira ni nafuu kuliko hii niliyo nayo. Wale wa ndege walikuwa wanawalinda watu wao, na mimi ningekuwa askari wa lango ningefunga pia. Kwaya ilikuwa inawaheshimu watu wake. Baba wadogo walikuwa na bata. Kila mmoja ana sababu yake na zote nazielewa, na Mama yuko chini ya udongo akiwa ameambiwa hakuna jibu.

Mdogo wangu aliniomba jambo moja: nimtumie maneno ya Mama, yote yaliyopotea, sasa kwa kuwa njia iko wazi. Nilimwambia nitatuma kama Mama mwenyewe angetuma. Asubuhi iliyofuata niliketi kwenye kiti cha plastiki, kando ya kitanda ambacho sijakiondoa, nikaandika: tumempeleka mwalimu vizuri, watu walijaa. Akaitika. Alisema amefurahi watu walijaa, akatuma ndege. Niliitazama ile picha, nikajikuta nasema kwa sauti kwamba huyu amekonda.

Kisha nikatuma swali. Lilikuwa ndilo linalofuata, sikuwa na namna ya kuliruka. Mama akienda, utakuja kumzika? Simu ikaonyesha limefika. Hakuitika siku hiyo. Hakuitika kesho yake, wala siku kadhaa zilizofuata. Safari hii sikumkasirikia wala sikuchungulia ukurasa wake. Sikumpigia kumwambia lile neno lililobaki, ingawa lilikuwa linaniwasha ulimini, kwa kuwa halikuwa langu na nilikuwa nimeagizwa. Nilikuwa naketi tu pale asubuhi, naangalia, naangalia vizuri, kisha naenda kazini.

Asubuhi moja, kwarara wakiwa wamemaliza kelele zao, jibu lilikuwa limekuja. Halikuwa na ndege.

"Nakuja, Mama. Nisubiri."

Nikaandika neno la Mama la mwisho, kwamba hakukasirika, nikalituma. Siku hiyo nilichelewa sana kazini.